Sura ya nani kwenye katuni? Swali linalofika hadi Ishiara

ISHIARA ni mji mdogo wa soko katika Mbeere Kaskazini, Kaunti ya Embu, si mbali na mto Thuci unaoitenganisha kaunti hiyo na ile ya Tharaka-Nithi. Ni nchi ya joto na ukame; nchi ya mbuzi, ndengu, kunde, mtama, maembe na mizinga ya nyuki inayoning'inia mitini. Wambeere, Waembu, Wachuka, Watharaka na Wakamba ni majirani katika eneo hilo, na aliyelelewa huko mara nyingi hamwulizi mwenzake ametoka upande gani. Humtambua kwa lafudhi na kwa salamu zake.

Mtoto anayekulia katika mazingira hayo hutazama filamu za katuni kama watoto wengine nchini, iwe ni katika runinga ya nyumbani au katika simu ya mkononi ya mzazi. Humo hukutana na mabinti wa kifalme wa Ulaya, panya na bata wa Marekani, na kwa nadra hukutana na Mwafrika. Mwafrika huyo naye akitokea, mara nyingi amejifunga shuka jekundu, amesimama katika mbuga yenye mgunga mmoja, na mama yake amejitwika mtungi kichwani.

Picha hiyo si uongo mtupu. Wapo Wakenya wanaovaa shuka, na wapo wanaojitwika mitungi. Tatizo ni kwamba mtoto wa Ishiara anaonyeshwa mtu mwingine na kuambiwa kuwa ni yeye. Ili kuelewa jinsi jambo hilo linavyotokea, na kwa nini nia njema pekee haitoshi kulirekebisha, yafaa kwanza kufahamu mhusika wa katuni huumbwaje.

Mhusika huanza na kivuli

Sanaa ya kuvipa vibonzo mwendo, ambayo wataalamu huiita uhuishaji, hutegemea udhaifu wa jicho la binadamu. Picha nyingi zinazotofautiana kidogo kidogo hupitishwa kwa kasi, na jicho likadhani limeona kitu kimoja kinachosogea. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 kila sekunde. Hata pale wachoraji wanapookoa jasho kwa kuutumia kila mchoro mara mbili, bado huhitaji michoro 12 kwa sekunde, yaani michoro 720 kwa dakika moja, tena kwa kila mhusika anayesogea.

Hesabu hiyo ndiyo mzazi wa mengi yanayolalamikiwa. Shanga zenye rangi saba zitabidi zichorwe mara 720 kwa dakika. Mkunjo wa nguo, kovu la shavuni na nakshi ya kibuyu pia. Kwa hivyo, mbunifu hupunguza. Huondoa kila kisicho cha lazima hadi abaki na maumbo machache mepesi yanayoweza kurudiwa bila kuchosha mkono wala kumaliza fedha. Tarakilishi zimepunguza kazi ya mkono, lakini hazijaondoa haja ya kurahisisha, kwa kuwa mtazamaji mdogo naye anahitaji kumtambua mhusika mara moja.

Kipimo cha kwanza katika fani hiyo ni kivuli. Mhusika akipakwa weusi mtupu, bila macho wala rangi, je, atatambulika? Mickey Mouse hutambulika kwa duara mbili za masikio. Mbunifu anapotakiwa kumchora "mwanamke wa Kiafrika", naye hatoki Afrika, kivuli kinachomjia upesi ni cha mwanamke aliyesimama wima na chombo kichwani. Kinasomeka upesi, na kimekwisha kuonekana mara nyingi mno katika mabango ya utalii na vitabu vya picha.

Hapo ndipo pa kuitazama Ishiara. Katika jamii za Wambeere, Waembu, Wameru, Wakamba na Wagikuyu, desturi ya wanawake tangu jadi imekuwa kubeba kuni, maji na kiondo mgongoni, kwa mkanda unaopita juu ya paji la uso. Kivuli cha mama huyo ni kingine kabisa. Mwili umeinama mbele, shingo imekaza, mikono imeshika mkanda karibu na masikio, na macho yanaangalia njia. Hata mwendo wake ni tofauti, kwani hatua ni fupi na uzito umekaa kiunoni. Mbunifu akimtwika mama huyo mtungi kichwani, amempokonya mwili wake na kumpa wa mtu wa pwani au wa magharibi mwa nchi.

Kosa kama hilo halitokei mara moja likaisha. Kabla ya kazi kuanza, hutengenezwa mchoro wa mwongozo unaomwonyesha mhusika kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma, ili makumi ya wachoraji wamchore kwa namna moja. Mwongozo huo ukishaidhinishwa, kosa lililomo hunakiliwa maelfu ya mara, na kulirekebisha kunakuwa ghali kuliko kuliacha.

Majina bila watu

Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni filamu ya The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 1994. Wachoraji wake walizuru Kenya kabla ya kuanza kazi, na mandhari ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni miongoni mwa yale waliyoyachora. Wahusika walipewa majina ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Miamba, nyasi na machweo ya jua vilichorwa kwa uangalifu mkubwa.

Kilichokosekana ni binadamu. Hakuna hata mtu mmoja katika nchi hiyo. Lugha imechukuliwa, lakini wenye lugha hawamo. Kwa mtoto wa ng'ambo, Shenzi ni sauti ya kupendeza tu. Kwa mtoto wa Kiswahili ni tusi. Mufasa nalo, linalodhaniwa na wengi ugenini kuwa neno la Kiswahili, halimo katika lugha hii. Disney ilienda mbali zaidi pale ilipoyasajili maneno "Hakuna Matata" nchini Marekani kama alama yake ya biashara kwa mavazi. Mwaka 2018 ombi la kupinga usajili huo lilisambaa mtandaoni na kuungwa mkono na maelfu ya watu. Yapo maelezo ya kisheria kwamba usajili wa namna hiyo haumzuii Mswahili kuyatamka maneno yake, wala haukumfanya yeyote mmiliki wa lugha. Hata hivyo, hasira ilionyesha kwamba watu walikuwa wameng'amua jambo: utambulisho wao ulikuwa bidhaa, nao hawakuwa katika mkataba.

Ngozi na nywele katika tarakilishi

Ipo dhana kwamba mashine haina upendeleo. Theodore Kim, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale aliyewahi kufanya kazi katika studio ya Pixar, alieleza katika makala yake ya mwaka 2020 kwamba kanuni za hesabu zinazotumiwa kuchora ngozi na nywele kwa tarakilishi zilikuzwa kwa kuyachukua maumbile ya Wazungu kama ndiyo ya binadamu kwa jumla. Ngozi ilielezwa kwa jinsi mwanga unavyopenya ndani yake na kuifanya ing'ae kwa wekundu, sifa inayoonekana zaidi katika ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi, kinachoonekana zaidi ni mng'ao wa juu, na huo haukupewa uzito uleule. Kadhalika nywele zilielezwa kama nyuzi ndefu zinazoteremka. Nywele za kipilipili, zinazojisokota na kusimama, zilibaki kuwa shida ya kutafutiwa ufumbuzi baadaye.

Midomo nayo ina mwongozo wake. Kila kundi la sauti huchorewa umbo la mdomo, na maumbo hayo hupangwa kulingana na maneno. Filamu iliyochorewa Kiingereza huwa na midomo inayofungwa mwishoni mwa neno, kwa kuwa maneno mengi ya lugha hiyo huishia kwa konsonanti. Maneno ya Kiswahili, sawa na ya Kimbeere au Kimeru, kwa kawaida huishia kwa irabu. Katuni hiyo ikitiwa sauti ya Kiswahili, mdomo hufungwa ilhali sauti bado iko wazi. Mtoto hawezi kueleza kasoro iko wapi, lakini huona kwamba lugha ya nyumbani haimkai vyema mhusika, kama koti la kuazima.

Je, hayo yana madhara? Nchini Marekani katika miaka ya 1940, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwapa watoto weusi vikaragosi vyeupe na vyeusi, wakawauliza kipi ni kizuri na kipi ni kibaya. Wengi walichagua cheupe kuwa kizuri. Utafiti huo ulitajwa katika uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1954 uliopiga marufuku kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 2012, Mkenya Ng'endo Mukii alitoa filamu fupi ya Yellow Fever, inayochanganya katuni na picha za watu halisi, kuhusu wanawake wanaojichubua ngozi. Miongoni mwa sauti zinazosikika humo ni ya msichana mdogo anayetamani ngozi nyeupe. Hakuzaliwa na tamaa hiyo; aliipata katika picha alizozoea kuziona.

Majaribio ya nyumbani

Afrika Mashariki haikukaa kimya. Mwaka 2010 kipindi cha Tinga Tinga Tales kilianza kuonyeshwa katika runinga ya watoto ya BBC. Kilitengenezwa na kampuni ya Uingereza ya Tiger Aspect, lakini kazi ya kuchora na kuhuisha ilifanyiwa Nairobi, katika studio ya Homeboyz, na hivyo kikawapa Wakenya ajira na ujuzi uliokuwa adimu. Hadithi zake, za jinsi wanyama walivyopata maumbile yao, zilitokana na ngano za Afrika, na sura za wahusika zilitokana na michoro ya Tingatinga ya Tanzania.

Asili ya michoro hiyo inafundisha. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 jijini Dar es Salaam, akitumia rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao za viwandani, na wateja wake wengi walikuwa wageni. Alifariki mwaka 1972, naye hakuwa amechora kwa muda wa miaka mingi. Sanaa ambayo leo inahesabiwa kuwa sura halisi ya Afrika ilizaliwa mjini, sokoni, kwa vifaa vya dukani. Hivyo, uhalisi hauna maana ya kale pekee. Una maana kwamba mchoraji alikuwa mwenyeji wa alichokichora, na jina lake likabaki juu ya kazi.

Nchini Tanzania, shirika la Ubongo lilianza kuonyesha Ubongo Kids mwaka 2014, kisha likaja na Akili and Me, kuhusu msichana wa miaka minne anayeishi na jamaa zake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akili hakuchorwa kuwa "Mwafrika" kwa jumla. Ana mlima wake na anazungumza Kiswahili cha nyumbani kwao. Mwaka 2021 Super Sema, kisa cha msichana shujaa kilichobuniwa na kampuni ya Kukua yenye mizizi Nairobi, kilianza kuonyeshwa mtandaoni, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa watayarishaji wake wakuu. Mwaka 2023 Mukii mwenyewe aliongoza Enkai, mojawapo ya filamu fupi 10 za mkusanyiko wa Kizazi Moto wa Disney, akichota katika imani ya Wamaasai.

Kazi hizo zimefungua mlango. Hata hivyo, mtazamaji wa Ishiara atagundua kwamba mlango huo bado ni mwembamba. Wanaopita kwanza ni wanyama, kisha mtoto wa jiji, kisha Mmaasai, ambaye dunia imekwisha kumfahamu. Jamii ndogo zisizo na vazi mashuhuri hubaki nje.

Waembu, Wameru, na Wambeere wako wapi?

Jaribio lililolikaribia eneo hili zaidi halikuwa la filamu. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kwa ushirikiano na kundi la Shujaa Stories na jukwaa la Google Arts and Culture, yalichapisha mtandaoni michoro ya mashujaa wa jamii mbalimbali za nchi, wakiwa wameumbwa kwa mtindo wa mashujaa wa vitabu vya katuni. Miongoni mwao ni Cierume, shujaa wa kike wa Waembu, na Ciokaraine, kiongozi wa kike wa Wameru.

Ni hatua ya maana, hasa kwa kuwa wawili hao ni wanawake. Lakini pia inaonyesha ugumu wa kazi. Mchoraji wa mtu asiye na picha hana budi kubuni: urefu wa nywele, kata ya ngozi aliyovaa, silaha, kimo cha mabega. Asipokuwa na mashahidi, mkono wake utakwenda ulikozoea, na shujaa wa Mlima Kenya atapata kifua na msimamo wa shujaa wa Marekani.

Mashahidi wapo. Mwanahistoria H.S.K. Mwaniki alikusanya masimulizi ya wazee na mwaka 1973 akachapisha kitabu cha historia ya Waembu na Wambeere. Katika mji wa Meru kuna makavazi yenye vifaa vya jadi. Karibu na Runyenjes kuna msitu wa Mwenendega, unaohusishwa na chimbuko la Waembu. Ngoma ndefu za Wachuka, zinazobanwa katikati ya miguu huku mpigaji akiinama, bado hupigwa katika sherehe, nazo pia zina kivuli kisichofanana na kingine.

Swali la Wambeere lina uchungu wake. Kwa muda mrefu jina lao limemezwa na la Waembu. Walipata wilaya yao mwaka 1996, kisha Katiba ya mwaka 2010 ikawarejesha ndani ya Kaunti ya Embu. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu peke yao, zaidi ya watu 195,000. Aghalabu mgeni husikia kwamba lugha zao zinafanana mno, akaona hakuna haja ya kutofautisha. Wameru nao si sura moja: kuna Waimenti, Watigania, Waigembe, Wamwimbi, Wamuthambi, Wachuka na Watharaka. Mbunifu anayeandika "vazi la Kimeru" katika mwongozo wake hajasema lolote bado.

Ipo hatari ya upande wa pili. Mtoto wa Ishiara havai ngozi. Huvaa sweta ya shule na malapa, hupanda bodaboda, na nyumbani kwao maji huchotwa kwa mitungi ya plastiki. Mhusika aliyefungwa katika karne iliyopita humwambia kwamba utamaduni wake ulikwisha kabla hajazaliwa. Mtungi wa plastiki ukibebwa mgongoni kwa mkanda wa paji la uso unaeleza jana na leo kwa mchoro mmoja.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 11 cha Katiba kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kinaliagiza Bunge kutunga sheria itakayohakikisha jamii zinapata fidia au mrabaha kwa matumizi ya tamaduni zao. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 2016, nayo inalinda maarifa asilia na sanaa za jadi, zikiwemo hadithi, ngoma, nakshi na majina. Anayetaka kuzitumia kibiashara sharti apate idhini ya wenyewe baada ya kuwaeleza wazi anachokusudia, na serikali za kaunti zimepewa jukumu la kuweka sajili.

Ugumu umo katika neno "wenyewe". Kisa cha Sungura na Fisi husimuliwa na Wambeere, Watharaka na Wakamba, kila mmoja kwa namna yake. Nani atatia saini? Aidha, sheria inaweza kudai mrabaha, lakini haiwezi kumwambia mchoraji mkanda unakaa wapi. Hilo huamuliwa mapema, katika chumba ambamo mwongozo wa mhusika unachorwa, na huamuliwa na yule aliyemo chumbani.

Ndiyo maana wanaoifahamu fani hii husisitiza mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Mosi, jamii ihusishwe kabla ya mwongozo kuidhinishwa, si siku ya uzinduzi. Pili, sauti irekodiwe kwanza katika lugha ya mhusika, kisha midomo ichorwe kuifuata. Tatu, majina ya waliotoa masimulizi na ushauri yaandikwe mwishoni mwa filamu pamoja na ya wachoraji, na malipo yawafikie.

Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga. Katika soko la Ishiara wapo akina mama ambao wamebeba mizigo kwa mkanda tangu utotoni. Mmoja wao, akionyeshwa mchoro kwa dakika moja, ataona kama shingo imekaa sawa, kama mzigo uko juu mno, na kama mwanamke huyo angefika nyumbani kabla ya kamba kukatika. Wakati huo, kusahihisha kosa kunahitaji kifutio tu.